Kata Kamba Uone Nani Amepotea: Kufundisha Topolojia za Mtandao kuanzia Gredi ya 7 hadi ya 9

Mada ya topolojia za mtandao, yaani jinsi kompyuta zinavyounganishwa, mara nyingi hufundishwa kwa michoro mitano ubaoni. Mwalimu anachora nyota, pete, basi, wavu na mti, watoto wananakili, na mtihanini wanachora tena vizuri kabisa. Halafu unamshika mmoja wao na kumuuliza, "Kebo hii ikikatika, nani atakosa mtandao?" Anakutazama tu. Umbo amelikariri, lakini hajui lilichorwa hivyo kwa sababu gani.

Mimi nafundisha mada hii kwa swali hilo moja tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho: hapa pakikatika, nani amepotea? Nimegundua kwamba mtoto akiweza kulijibu, majina ya topolojia humkaa kichwani bila kukariri. Mwongozo huu umepangwa kwa vipindi vitatu vya dakika 40, na viwili vya kwanza havihitaji kompyuta hata moja. Shule nyingi za Mombasa zina madarasa ya watoto hamsini na kompyuta chache, kwa hiyo nimeupanga kwa hali hiyo.

Vifaa

Tafuta kamba ya nailoni, ile ya kuanikia nguo, kama mita 80. Mkasi mmoja, ukae kwako wewe mwalimu. Leso moja kubwa. Dadu mbili, chaki, seloteipu, kijiti cha kupokezana kama cha mbio, na karatasi ya manila ya kukata kadi sita. Kwenye kadi andika majina na nambari: Likoni 1, Nyali 2, Changamwe 3, Tudor 4, Kongowea 5, Jomvu 6. Watoto sita watavaa kadi hizo shingoni na ndio watakaokuwa kompyuta zetu.

Wale wengine arobaini na zaidi wasikae bure. Kila mmoja awe na karatasi, na kabla hujakata kamba yoyote, aandike majina ya watakaopotea. Usikate mpaka kalamu zote ziwe zimewekwa chini. Ukiacha sharti hili, watano wa mbele watajibu kila swali na darasa lililobaki litaitikia "ndiyo" bila kufikiri.

Hatua ya kwanza: anza na kivuko

Chora kisiwa cha Mombasa sakafuni kwa chaki. Upande wa kaskazini weka Nyali na mstari wa daraja. Magharibi weka Changamwe, na mstari wa Makupa. Kusini weka Likoni, na mstari wa feri. Uliza: mtu wa Likoni anataka kwenda soko la Kongowea, atapita wapi? Hakuna mtoto wa hapa asiyejua. Atavuka feri, atakatiza kisiwa, atapanda daraja la Nyali.

Sasa futa mstari wa feri kwa kiatu. Nani amekatika? Likoni peke yake, wengine wanaendelea kutembeleana. Rudisha mstari huo, kisha futa kisiwa chenyewe. Sasa hakuna anayemfikia mwenzake.

Hapo subiri. Mara nyingi kuna mkono utakaoinuka nyuma: "Mwalimu, si kuna Dongo Kundu?" Mpe chaki mtoto huyo aje achore. Barabara hiyo inatoka Kusini hadi upande wa Miritini bila kugusa kisiwa, kwa hiyo mtu wa Likoni anaweza kuzunguka hadi Changamwe, apite Makupa, aingie kisiwani, kisha aende Nyali. Ni mbali, lakini njia ipo. Futa feri tena uwaulize nani amekatika. Safari hii hakuna.

Sasa ndipo uwape maneno. Kila mahali palipochorwa ni nodi. Kila njia ni kiungo. Mpangilio wa nani ameunganishwa na nani ndio topolojia. Sisitiza kwamba urefu wa njia haumo katika topolojia: mtandao wa chumba kimoja na mtandao wa kaunti nzima vinaweza kuwa na topolojia ile ile.

Hatua ya pili: basi, kwa kamba iliyokazwa

Toka nao hadi kwenye veranda. Funga kamba ya mita nane kati ya nguzo mbili, ikazwe vizuri. Watoto sita wajipange kando yake, kila mmoja ameishika kwa vidole viwili, na macho wayafumbe. Anayetaka kumwita mwenzake avute kamba mara nyingi kama nambari ya huyo mwenzake. Likoni anataka kumwita Tudor, atavuta mara nne.

Wote sita watahisi mivuto minne. Watano wataipuuza na Tudor atainua mkono. Hiyo ndiyo topolojia ya basi: njia moja ya wote, ujumbe unamfikia kila mtu, na mwenye anwani ndiye anayeupokea. Watoto watafikiria basi la abiria, na wala hawajakosea sana. Maneno hayo mawili yana asili moja, neno la Kilatini omnibus, maana yake "kwa wote".

Sasa waambie Nyali na Jomvu wavute kwa pamoja. Kamba inatikisika ovyo, hakuna anayeweza kuhesabu. Huo ni mgongano, na usiupite haraka, kwa sababu ndilo tatizo lililowashughulisha wahandisi. Waulize watoto watunge sheria wenyewe. Baada ya dakika mbili tatu watafika kwenye ya kwanza: kabla ya kuvuta, sikiliza kama kamba imetulia. Ya pili huwa ngumu kidogo. Mkigongana, nyote mnyamaze, kila mmoja arushe dadu, ahesabu kimya kimya hadi nambari iliyotokea, ndipo ajaribu tena. Wakiona dadu inavyowatenganisha, waambie kwamba Ethernet, mfumo wa kuunganisha kompyuta kwa kebo uliobuniwa na Robert Metcalfe na wenzake kwenye maabara ya Xerox kule California kuanzia 1973, ilifuata kanuni hiyo hiyo ya kusikiliza kwanza na kusubiri muda wa bahati nasibu.

Kisha kata. Kabla ya mkasi, soma karatasi chache. Wengi watakuwa wameandika kwamba watatu wa kushoto watabaki wakizungumza wao kwa wao, na watatu wa kulia vivyo hivyo. Kata katikati. Kamba yote inalegea na kuanguka, na upande wa kushoto hauhisi chochote, wala wa kulia.

Vitabu vingine husema kosa lile lile la watoto, kwamba nusu mbili zitaendelea kufanya kazi. Katika kebo nene za zamani hazikuendelea. Kila mwisho wa kebo ulifungwa kifuniko chenye rezista ya omu 50, kazi yake kuumeza mawimbi yanapofika mwisho. Kebo ikikatika, unapata miisho miwili mipya isiyo na kifuniko, mawimbi yanarudi kama mwangwi na kuvuruga kila kitu kinachotumwa. Onyesha kwa kamba nyingine: funga ncha moja kwenye nguzo, shika nyingine, itikise mara moja kwa nguvu. Watoto wataliona wimbi likienda hadi nguzoni na kurudi mkononi mwako. Wape kila mmoja nafasi ya kuitikisa. Inakula dakika tano na zinafaa kuliwa.

Hatua ya tatu: nyota, na leso katikati

Hapa ndipo penye utajiri, kwa sababu karibu kila mtandao wenye kebo watakaoukuta maishani, iwe saiba, benki au ofisi ya bandari, ni nyota au nyota zilizounganishwa.

Mweke mtoto wa saba katikati. Kila mmoja wa wale sita amfikishie kamba ya mita mbili, na kwenye kila kamba, upande wa katikati, bandika seloteipu yenye nambari ya kamba. Usizifuatanishe na nambari za kadi, zichanganye. Sasa mzungushie huyo wa katikati leso, ishikwe na wenzake wawili wawili, ili azione kamba na nambari zake lakini asione nani ameshika upande wa pili.

Raundi ya kwanza, huyo wa katikati ni habu, kifaa kinachopokea kebo za kompyuta zote. Kazi yake ni moja: akihisi kamba imevutwa, azivute zingine zote mara hizo hizo. Watoto wacheze dakika chache, kisha uliza: hii ina tofauti gani na ile kamba ya veranda? Ukitazama kwa macho ni nyota. Lakini ujumbe wa mmoja bado unawafikia wote, na wawili wakituma pamoja wanagongana vile vile. Kwa hiyo kuna umbo la kebo, na kuna njia inayopita taarifa, na viwili hivyo vinaweza kutofautiana. Wanafunzi wa Gredi ya 7 wanalielewa hili kabisa wakiwa wameshika kamba. Ubaoni sijawahi kufanikiwa kulieleza.

Raundi ya pili, mpe daftari na kalamu. Sasa yeye ni swichi. Anayetuma asome kwa sauti: "Kutoka Jomvu, kwenda Tudor," huku akivuta kamba yake. Wa katikati aone ni kamba gani iliyovutwa na aandike, tuseme, "Kamba ya 2: Jomvu." Tudor hamjui bado yuko wapi, kwa hiyo avute zote isipokuwa ile ulikotoka ujumbe. Tudor akijibu, "Kutoka Tudor, kwenda Jomvu," swichi anaandika kamba ya Tudor, na safari hii havuti zote. Anavuta moja tu, ya Jomvu, maana ameshamwandika.

Endeleeni mpaka daftari lijae majina sita. Darasa litaona ukimya ukiongezeka kadiri daftari linavyojaa, maana kamba zinazovutwa bila sababu zinapungua. Mwishowe Likoni na Nyali wanaweza kuzungumza wakati Changamwe na Kongowea nao wanazungumza, bila kugongana. Swichi halisi hufanya hivyo hivyo: hujifunza anwani kutoka kwa anayetuma, na huandika kwenye jedwali lake.

Kisha mkasi. Kata kamba ya Nyali: ni Nyali pekee aliyepotea. Halafu mwondoe wa katikati. Wote sita wamebaki na kamba mkononi zisizofika popote. Rudini kwenye ramani ya chaki, na waache wao wenyewe wakwambie kisiwa kilikuwa nani.

Hatua ya nne: pete

Watoto sita wasimame duara, kila mmoja ameshika kamba fupi na jirani wa kushoto na wa kulia. Kijiti kinazunguka kuelekea upande mmoja. Asiye na kijiti hasemi. Mwenye ujumbe anaukunja kwenye kijiti, unazunguka, mwenye anwani anausoma, na kijiti kinaendelea mpaka kimrudie aliyetuma. Mgongano haupo kabisa, na hilo ni jambo la kusifiwa. IBM ilitoa mtandao wa namna hii mwaka 1985, kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, ukiitwa Token Ring.

Kata kamba moja. Kijiti kinafika pale kinakwama, na wote wamepotea. Sasa ongeza duara la pili la kamba linalozunguka upande wa kinyume, na ukate zote mbili mahali pamoja. Waulize wanaweza kufanya nini. Kuna atakayeona kwamba waliopakana na mkato wanaweza kugeuza kijiti kirudi kwa kamba ya pili. Pete mbili hustahimili mkato mmoja. Mikato miwili haistahimili, na hilo litawafaa katika hatua inayofuata.

Hatua ya tano: wavu, na nyaya zinazofika ufukweni kwetu

Katika wavu kamili, kila kompyuta ina kebo yake hadi kwa kila nyingine. Kabla ya kugawa kamba, wafanye wapeane mikono. Watoto wanne, kila mmoja amsalimie kila mwenzake mara moja: salamu ngapi? Sita. Wakiwa sita? Wahesabu kwa kufanya, watapata 15. Ndipo uwaonyeshe hesabu: idadi ya watu, zidisha kwa idadi hiyo ukitoa moja, gawa kwa mbili. Wakokotoe kwa kompyuta 40. Jibu ni kebo 780, na kila kompyuta iwe na matundu 39. Waache washangae kidogo.

Sasa gaweni kamba 15. Kwa kweli zitawavuruga, na vurugu hiyo yenyewe ni somo la gharama. Kamba za wavu usizikate, ziachilie moja moja. Ziachilie tatu, nne, tano kwa kuchagua ovyo, na kila mara jaribu kupitisha ujumbe kutoka Likoni hadi Jomvu. Itachukua kamba nyingi kumpoteza mtu. Kisha wape kazi ya kujadili kwa makundi: mna pesa za kamba nane tu, mtabakisha zipi ili mkato wowote mmoja usimpoteze yeyote? Hiyo ni wavu nusu, na ndiyo hali ya intaneti.

Mombasa ndipo mahali pazuri kuliko pote nchini pa kulisimulia hili. Nyaya za chini ya bahari zinazoileta intaneti Kenya hutia nanga pwani yetu: SEACOM na TEAMS zilianza kazi 2009, EASSy 2010, LION2 2012. TEAMS inakwenda Fujairah, Falme za Kiarabu. EASSy inafuata pwani ya mashariki mwa Afrika, kutoka Sudan hadi Afrika Kusini. Ile ya 2Africa, yenye urefu wa kilomita zipatazo 45,000, imepangwa kulizunguka bara zima kama pete.

Chora ramani ya Afrika ubaoni na nyaya hizo kwa rangi tofauti. Eleza kwamba mapema mwaka 2024 nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Halafu mwezi wa Mei mwaka huo huo SEACOM na EASSy zikakatika upande wa Afrika Kusini. Futa mistari hiyo ubaoni, kaskazini na kusini, uwaulize kama walivyozoea: nani amepotea? Wataona kwamba pete ilikatwa pande mbili. Wataona pia mstari wa kwenda Fujairah ambao haukuguswa, na wataelewa kwa nini intaneti ilizorota Afrika Mashariki lakini Kenya haikuzimika kabisa. Kuna watoto katika darasa lako wanaokumbuka video zilizokataa kufunguka siku zile.

Hatua ya sita: mti na mseto

Hizi zipitie kwa dakika kumi. Mti ni nyota zilizounganishwa na swichi iliyo juu yake. Ukikata tawi unapoteza kila kilicho chini yake. Mseto ni mchanganyiko wowote. Waliofanya hatua zilizotangulia hawatahitaji zaidi ya mfano mmoja.

Hatua ya saba: ingieni maabara

Kipindi cha tatu kiwe mbele ya vifaa halisi, hata kama ni kompyuta nne na ruta moja ofisini, yaani kile kifaa kinachouunganisha mtandao na intaneti. Kila kundi lifuate kebo kwa mkono, kutoka nyuma ya kompyuta hadi inapochomekwa, na lichore linachokiona. Wahesabu matundu ya swichi, yaliyotumika na yaliyo wazi. Wapime kwa hatua urefu wa kebo iliyo ndefu kuliko zote, na uwaambie kwamba kebo ya shaba ya kawaida hutegemewa hadi mita 100, basi. Waonyeshe pia ruta ya Wi-Fi na waulize simu zilizounganishwa nayo ziko katika topolojia gani. Ni nyota pia, ila kamba zake hazionekani.

Kuna jambo moja la kuchunga. Katika shule moja niliyofundisha, mtoto aliona ncha ya kebo imelala sakafuni, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi ili pawe nadhifu. Alikuwa na nia njema kabisa. Ncha ya pili ya kebo hiyo ilikuwa tayari imo kwenye swichi ile ile. Taa zote zikaanza kumeta kwa pamoja, kwa kasi, na hakuna kompyuta iliyofungua chochote. Ilituchukua asubuhi nzima, tukichomoa kebo moja baada ya nyingine, kumpata mkosaji. Nilichokuwa sijawafundisha ni hiki: ujumbe wa "kwa wote" ukiingia kwenye swichi yenye kitanzi, hutoka tundu moja na kurudi kwa jingine, hutumwa tena, na hauishi.

Tangu hapo nakionyesha kitanzi kwa kamba. Weka swichi wawili, waunganishe kwa kamba mbili badala ya moja, na wape sheria waliyoizoea: ujumbe wa wote, vuta kamba zote isipokuwa ulikotoka. Utazunguka mpaka mikono ichoke. Radia Perlman, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, alibuni mwaka 1985 njia ya swichi kukubaliana kuziba kiungo cha ziada, na kukifungua pale kile kikuu kinapokatika. Swichi za bei nafuu nyingi hazina uwezo huo, kwa hiyo tundu wazi libaki wazi mpaka mwalimu aseme.

Kupima kama wameelewa

Nina swali ninalolipenda kuliko mengine. Mama mmoja anafungua saiba Mwembe Tayari, ana kompyuta nane. Chagua topolojia, hesabu kebo, taja kifaa ambacho kikiharibika duka zima litasimama, kisha sema swichi anunue ya matundu mangapi.

Nyota wataichagua karibu wote. Swichi ndiyo itakayosimamisha duka, na ruta itasimamisha intaneti hata kama kompyuta bado zinaonana. Ukimpata aliyetenganisha hayo mawili, amekomaa. Mtego uko mwishoni. Wengi wataandika matundu nane, kwa kompyuta nane. Lakini kebo ni tisa, maana moja inakwenda kwenye ruta, na swichi ya matundu nane itamwacha mama wa watu na kompyuta moja bila mtandao siku ya kufungua duka. Katika alama kumi, mimi humpa mbili aliyechora vizuri, tano aliyesema nani atapotea na kwa nini, na tatu aliyeliona tundu la tisa.